Nikeli-fosforasi ya chupa tatu: kioo cha metali unachoweza kukipika karakanani

Jina "kioo cha metali" siku hizi linauza, na wauzaji wanalibandika kwenye bidhaa tatu zisizofanana hata kidogo. Kuna aloi za zirkoniamu, ukoo wa Vitreloy uliotoka Caltech, chuo kikuu cha Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zinazoyeyushwa bila hewa na kumiminwa. Nyingine zina berili ndani, na vumbi la berili ni sumu ya mapafu. Kuna waya na unga wa chuma wenye kromu na boroni, unaopulizwa kwa bunduki hadi ukashika juu ya kifaa. Halafu kuna dawa ya nikeli yenye fosforasi nyingi, ile ya chupa A, B na C, inayokivika kifaa tabaka la nikeli kikichovywa ndani yake, bila umeme. Tunaipitia hii ya tatu, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo fundi mwenye tangi la lita 20, hita na kipima pH anaweza kuimudu.

Hukumu yetu tunaitoa mapema ili asiyehitaji mengine aende zake. Kwa miili ya vali, pampu za maji yasiyo na mchanga, moldi za plastiki, nyumba za gia na vifaa vyenye matundu marefu, dawa hii ni bora kuliko nikeli ya umeme, na tofauti si ndogo. Kwa kifaa kinachosuguliwa na mchanga haifai. Na fundi wa bora liende asiinunue kabisa, maana itamfia tangini ndani ya wiki.

Kwa nini ni kioo

Metali ya kawaida ni fuwele. Atomi zake zimejipanga safu kwa safu kama matofali, punje moja ikipakana na nyingine, na kutu hupenda kuanzia kwenye mipaka hiyo. Kioo cha metali hakina safu wala mpaka. Pol Duwez na wenzake wa Caltech walikipata mwaka 1960 kwa kupooza aloi ya dhahabu na silikoni kwa kasi ya kama nyuzi milioni moja kwa sekunde. Dawa yetu inafika huko huko kwa njia ya mkato, na ni ya zamani zaidi: Abner Brenner na Grace Riddell wa National Bureau of Standards ya Marekani waliitangaza mwaka 1946. Haipofosfiti iliyomo kwenye dawa huifanya nikeli itue juu ya chuma, na fosforasi kidogo inanaswa humo humo. Ikipita asilimia 10.5 hivi kwa uzito, atomi za nikeli zinakosa nafasi ya kujipanga. Hakuna tanuru wala cha kuyeyusha. Ni nyuzi 88 hadi 90 za Selsiasi, chini ya maji yanayochemka.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. "Nikeli bila umeme" ni jina la ukoo mzima: yenye fosforasi kidogo (asilimia 2 hadi 5), ya wastani (6 hadi 9) na nyingi (10.5 hadi 13). Kioo halisi ni hiyo ya mwisho tu. Ya wastani inapendwa dukani kwa sababu inang'aa na inajenga haraka, maikroni 15 hadi 20 kwa saa, wakati yenye fosforasi nyingi inakwenda na 8 hadi 12. Karatasi ya bidhaa isipotaja asilimia ya fosforasi kwa tarakimu, usitoe hela.

Kama tayari umeletewa kifaa kilichochovywa na unatia shaka, kuna njia mbili za kumbana muuzaji. Ya kwanza ni sumaku. Mwambie achovye nati ya shaba ya manjano pamoja na kazi yako. Ining'inize kwa uzi wa kushonea, usogeze sumaku kali, kama ile inayotolewa ndani ya hadidiski mbovu. Tabaka la kioo halivutwi. Nati inakaa kimya kama vile hakuna kitu. Ikigeuka na kuifuata sumaku, umepewa fosforasi ya wastani au nikeli ya umeme, au tabaka limechomwa moto mkali baadaye. Na ukiwa umeshaifungua hiyo hadidiski, zitazame sahani zake: zile za alumini zimevikwa nikeli-fosforasi hii hii, unene wa kama maikroni 10, na ilichaguliwa kwa sababu haina usumaku wa kuvuruga data iliyo juu yake.

Njia ya pili ni asidi ya nitriki kali, ya asilimia 70. Chovya kipande cha jaribio sekunde 30, suuza, angalia. Kioo kinabaki na rangi yake. Tabaka la fosforasi ya wastani linakuwa jeusi. Fanya nje penye upepo, uvae glavu na miwani, maana moshi wake wa kahawia hauna mzaha.

Hesabu ya chupa

Mgawo wa kawaida kwa kila lita ya dawa ni mililita 60 za A, 150 za B na 790 za maji. A ni salfeti ya nikeli, kwa kawaida yenye gramu 100 za nikeli kwa lita, hivyo dawa mpya inakuwa na gramu 6 kwa lita. B ina haipofosfiti pamoja na asidi za kuishika nikeli isianguke, na inatumika mara moja tu, siku ya kuanzisha tangi. C ndiyo haipofosfiti ya kuongezea: kila unapoongeza A, unaongeza C kiasi kile kile. Wengine wanaweka B asilimia 20, kwa hiyo karatasi ya muuzaji ndiyo iamue.

Lalamiko letu kubwa kuhusu seti ndogo liko hapa hapa. Zinauzwa lita moja moja, A, B na C sawasawa, na uwiano huo haumfai mnunuzi. Lita moja ya B inatengeneza dawa ya lita 6.7, inayokula mililita 400 za A. Zinabaki 600 za A, nazo zinaenda na 600 za C. Utamaliza A huku mililita 400 za C zimekaa rafuni, na dawa yenyewe bado ina umri mrefu mbele yake. Mwenye tangi la lita 20 anayetaka kuizungusha nikeli yote mara sita, yaani kuongeza nikeli sawa na ile ya mwanzo mara sita, anahitaji lita 8.4 za A, 3 za B na 7.2 za C. Muuzaji anayekubali kukuuzia chupa moja moja ni bora kuliko mwenye bei nafuu ya seti.

Kazi kiasi gani inatoka humo? Desimita moja ya mraba yenye unene wa maikroni 25 inabeba kama gramu 1.95 za tabaka, ambazo gramu 1.74 ni nikeli na zinazobaki ni fosforasi. Kwa hiyo mililita 600 za ziada kwenye ile seti ndogo zinatosha desimita za mraba 34 hivi. Gawa bei ya seti kwa 34 ndipo uilinganishe na bei ya kupeleka kazi nje. Kwa vipande vichache vya mara moja kwa mwaka, kupeleka nje kunashinda. Dawa iliyokwisha kuanza haipendi kukaa miezi bila kazi.

Maji yawe yaliyokenekwa au yaliyoondolewa madini. Maji ya kisima ya ukanda wa pwani yana chumvi, na ya bomba yana klorini na chokaa. Yote mawili yanaleta vidoa na mashapo. Madukani kwetu "maji ya betri" ni jina linalobeba vitu viwili, maji safi ya kuongezea na asidi yenyewe. Soma lebo kabla hujamimina lita 16 tangini.

Tangi na moto

Tangi liwe la polipropilini. Pipa la plastiki la kuwekea maji linalegea kwa nyuzi 90, na chuma cha pua kinaweza kuanza kuvikwa nikeli chenyewe. Hita iliyovikwa teflon ndiyo salama. Kabla ya kuanza, na kila unapoona ukoko, tangi tupu linajazwa asidi ya nitriki na maji nusu kwa nusu usiku kucha, linasuuzwa mara tatu au nne, kisha ndipo dawa inarudi. Usuuzaji ukiwa wa juu juu, nitrati inayobaki inazuia nikeli kushika, na utahangaika na pH siku nzima bure.

Tumetumia neno ukoko kwa makusudi. Dawa hii inashika chini kama wali: pale moto unapopiga sehemu moja bila kukorogwa, nikeli inatua juu ya hita na sakafu ya tangi, na ikishatua inavuta nyingine. Mduara wa dawa kupitia filta ya maikroni 1 hadi 5, tangi zima likipita kama mara kumi kwa saa, ndio kinga. Walio Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, wana tahadhari ya ziada: maji huko yanachemka karibu na nyuzi 94 au 95, kwa hiyo pengo kati ya joto la kazi na mchemko ni dogo. Hita yenye nguvu kupita kiasi inachemsha dawa kwenye uso wake ilhali kipimajoto kinasoma 88. Chukua hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Mvuke unaopotea urudishwe kwa maji safi tu, si kwa A wala C.

Gesi inayotoka ni haidrojeni. Mlango wazi, feni ya kutoa hewa, na mtu asichomelee karibu. Nikeli yenyewe inaleta mzio wa ngozi usioponika, na chumvi zake zimeorodheshwa kama visababishi vya saratani. Glavu ndefu si hiari.

Usafi kabla ya kuchovya

Karatasi za wauzaji zinatumia mistari mitatu kwa sehemu hii, na humu ndimo kazi nyingi zinaharibikia. Kwa chuma cha kawaida: dakika 5 hadi 10 kwenye sabuni kali ya alkali yenye nyuzi 60 hadi 70, suuza, umeme wa kusafishia kipande kikiwa upande wa chanya, ampea 5 hadi 10 kwa desimita ya mraba, dakika moja au mbili, suuza, asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa, sekunde 30 hadi dakika mbili kulingana na kutu, suuza, rudia umeme kwa muda mfupi, suuza, asidi nyepesi sekunde kumi, suuza kwa maji safi, na moja kwa moja tangini kikiwa bado kimelowa.

Kipimo ni maji. Kipande safi kinashika utando wa maji uso mzima kwa sekunde 30 bila kukatika. Utando ukijikunja na kuacha kisiwa kikavu, pana mafuta, rudi mwanzo. Hakuna dawa ya bei yoyote itakayokuokoa hapo. Tabaka litashika, litang'aa, kisha litabanduka kama ganda la yai siku ya kwanza ya kukaza bolti.

Metali nyingine zina masharti yake. Shaba na shaba ya manjano hazianzi zenyewe: ziguse kwa kipande cha chuma ndani ya dawa, au uzipe mguso wa betri ya volti 1.5 kwa sekunde chache, kipande kikiwa upande wa hasi, zikianza kutoa mapovu uondoe. Chuma cha pua kinahitaji tabaka la kuanzia la umeme, gramu 240 za kloridi ya nikeli na mililita 120 za asidi ya haidrokloriki kwa lita, dakika mbili hadi nne. Alumini inataka zinkati, yaani chovyo la zinki, mara mbili: chovyo la kwanza hadi dakika moja, livuliwe kwa asidi ya nitriki, kisha chovyo la pili fupi la sekunde 15 hadi 30. Anayeruka la pili anaokoa dakika mbili na kupoteza kifaa. Chuma cha kutupwa kisikae kwenye asidi, kwani kinaacha masizi ya grafiti usoni. Chuma laini chenye risasi, kinachopendwa na mafundi wa mashine ya kukereza kwa kuwa kinakatika vizuri, kina madoa yasiyoshika nikeli kabisa; mwulize aliyekikereza kabla hujakubali kazi.

Ndani ya tangi

pH iwe 4.6 hadi 4.9. Kipande kikiingia, tazama. Ndani ya nusu dakika uso wote unafunikwa na mapovu madogo sana, kama soda iliyofunguliwa, yanayopanda bila kukatika. Kikikaa dakika nzima kimya, kitoe. Ama hakikuwa safi, ama dawa ni ya baridi, ama imetiwa sumu. Mapovu yakitoka sakafuni au kwenye hita wakati kipande kimetulia, ukoko umeshaanza, nawe una dakika chache za kupooza dawa na kuihamisha kwenye chombo kingine.

Tangi la lita 20 lenye kazi ya desimita za mraba 10, likijenga maikroni 10 kwa saa, linakula karibu gramu 7 za nikeli kwa saa. Hiyo ni mililita 70 za A na 70 za C kila saa, zikimiminwa taratibu mahali dawa inapokorogeka. Usisubiri mwisho wa kazi. Nikeli ikishuka chini ya asilimia 85 ya kiwango, kasi inayumba na fosforasi inabadilika katikati ya tabaka. Maikroni 25 ni saa mbili na nusu. Anayekuahidi kwa saa moja anakupa dawa nyingine.

Rangi ya kijani inadanganya, kwa hiyo nikeli ipimwe. Chukua mililita 10 za dawa iliyopoa, ongeza maji na amonia hadi igeuke bluu, tia chembe ya mureksidi, rangi ya kuonyeshea mwisho wa kipimo, kisha dondosha EDTA, kemikali inayoikamata nikeli, ya 0.1 M kutoka kwenye biureti hadi rangi ya manjano igeuke zambarau. Zidisha mililita ulizotumia kwa 0.587, unapata gramu kwa lita. Dawa iliyo sawa inakula mililita 10.2. Hiki ni kipimo cha dakika tano na vifaa vyake ni rahisi kuliko kosa moja.

pH inapandishwa kwa amonia iliyopunguzwa nusu kwa nusu, tone kwa tone. Ukimwaga kwa mkupuo, sehemu ile inaganda na kuacha mashapo meupe au ya kijani. Inashushwa kwa asidi ya salfuriki ya asilimia 10. Na kumbuka unene kwenye vipimo: maikroni 25 kila upande zinaongeza 50 kwenye kipenyo cha shafti. Kwenye bolti yenye pembe ya nyuzi 60 ni mbaya zaidi, kipenyo cha katikati cha msokoto kinaongezeka mara nne ya unene, yaani maikroni 100, na nati iliyokuwa ikizunguka kwa kidole itagoma.

Kinachoharibika

Waya wa kuning'inizia ndio msababishi tunayemtuhumu kwanza kila mara. Waya wa kufungia uliopakwa zinki unayeyuka polepole ndani ya dawa, na zinki, kama risasi, kadimiamu na bati, inaifungia dawa njia. Dalili ni kingo na matundu kubaki wazi huku katikati pameshika. Tumia waya mweusi wa chuma au wa chuma cha pua. Shaba iliyolehemiwa kwa bati na risasi isiingie kabisa.

Kingo wazi pia huletwa na kukoroga kwa nguvu mno, kwa sababu kizuizi kilichomo kwenye dawa, cha kiasi kidogo sana, kinachozuia nikeli kutua ovyo, hurundikana pale mkondo unapopiga kasi. Punguza mkondo kwanza kabla hujailaumu chupa. Vijitundu kama vya sindano ni mapovu ya haidrojeni yaliyoganda uso wa chini wa kipande. Kigeuze, kitikise kila dakika kumi. Vijitundu vikiendelea, tafuta mafuta: hewa ya kompresa isiyochujwa ni mkosaji wa kawaida. Ukwaruzo wa chembe juu ya nyuso zinazotazama juu ni takataka, na mara nyingi ni kipande chenyewe kuwa na usumaku uliobaki baada ya kusagwa kwenye meza ya sumaku. Kitolee usumaku kabla ya kusafisha.

Mfifio wa rangi, kasi kushuka hadi maikroni 6 au 7 ilhali vipimo vyote viko sawa, ni uzee. Kila gramu ya nikeli inayotua inatumia kama gramu 5 za haipofosfiti na kuacha mabaki ya fosfiti yasiyoondoka. Tabaka la dawa mpya linajibana lenyewe, hilo ni jema. La dawa kuukuu linajivuta na kupasuka nyufa zisizoonekana. Wauzaji wanataja mizunguko sita hadi minane. Sisi kazi za kuzuia kutu tungezimalizia kwenye mizunguko minne ya kwanza, na ile ya mwisho tuwaachie vipande vya kupendezesha.

Baada ya tangi: tanuri ndilo adui

Likitoka tangini tabaka lina ugumu wa 500 hadi 550 HV (kipimo cha ugumu cha Vickers). Likipikwa nyuzi 400 kwa saa moja linafika 900 na zaidi, karibu na kromu ngumu, na wauzaji wanaiandika hiyo namba kwa herufi kubwa. Hawaandiki kilichotokea: kioo kimevunjika kuwa fuwele za nikeli na fosfidi yake, kimesinyaa, kimepasuka nyufa na kimeshikwa na sumaku. Kinga ya kutu uliyoilipia imeondoka. Bidhaa moja haikupi sifa zote mbili, ama chagua ugumu ama chagua kioo. Joto la nyuzi 190 hadi 200 kwa saa moja hadi tatu ni salama, linaimarisha mshiko bila kuvunja kioo. Kwa springi na bolti za chuma kigumu joto hilo ni lazima, tena ndani ya saa tatu tangu kutoka tangini, ili haidrojeni iliyoingia ndani ya chuma itoke kabla haijakifanya kikatike.

Unene gani wa kuagiza? Kiwango cha Marekani cha ASTM B733 kinapanga maikroni 5 kwa kazi nyepesi, 13 kwa ya kawaida, 25 kwa mazingira ya unyevu na 75 kwa mazingira makali. Pampu ya maji ya bahari, Mombasa au Mtwara, iko kwenye kundi la 75, yaani saa saba na nusu tangini. Fundi anayekutolea bei ya maikroni 75 kwa kazi hiyo hakuibii. Lakini tabaka hili ni ukuta tu, halijitoi mhanga kama zinki. Tundu moja likibaki wazi, chuma cha chini kinaliwa haraka kuliko kama hakikupakwa kabisa. Kagua kwa karatasi iliyoloweshwa ferisianidi ya potasiamu na chumvi: kila tundu linajichora doa la bluu.

Usichoitarajie

Mchanga unaikwaruza. Kwa impela ya pampu ya kutolea matope, au skurubu ya kusukuma kokoto, ule waya wa chuma chenye kromu na boroni unaopulizwa kwa bunduki ya umeme ni chaguo bora, unene wa nusu milimita juu ya uso uliopigwa mchanga, ugumu wa 900 HV kwenda juu. Upande wake dhaifu ni kwamba unafika pale tu bunduki inapoona, hauingii ndani ya bomba, na tabaka lake lina vinyweleo. Nikeli yetu inaingia kila dawa inapofika, kwa unene ule ule, hata ndani ya tundu la mkingamo. Nikeli ya umeme inarundikana kwenye kona na kuacha mashimo na njaa.

Asidi ya nitriki ikiigusa kwa muda mrefu kuliko zile sekunde 30 za jaribio, kloridi ya feri na jiki kali zinaila. Kostiki soda ya moto na nzito, cha ajabu, inavumiliwa vizuri zaidi na ile ndugu yake yenye fosforasi kidogo, hivyo kwa tangi la sabuni agiza hiyo.

Dawa iliyokwisha haimwagwi. Chokaa peke yake haiishushi nikeli, kwa kuwa asidi za chupa B zinaishikilia. Pandisha pH kwa alkali, pasha moto, tumbukiza steel wool nyingi, nikeli itatua juu yake hadi ukijani ufifie. Kinachobaki bado ni taka ya kukabidhiwa mzoaji mwenye leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya. Bei ya mzoaji huyo muulize kabla ya kununua chupa ya kwanza, uiingize kwenye ile hesabu ya desimita ya mraba.